Vyombo vya Mchina na Nyumba ya Mchina: Hekalu Linalokosekana Katika Masalia ya Pwani

Siku ya soko mjini Kyuso, kaskazini mwa Kitui, mchuuzi hutandaza turubai chini ya mti na kupanga bidhaa zake: sufuria nyepesi, chupa za chai zenye picha za maua, tochi, redio ndogo, kandambili na vikombe vya plastiki. Vyombo hivi vikigeuzwa, vingi huwa na maandishi madogo yanayotaja China. Mchuuzi ni Mkamba, mnunuzi ni Mkamba, na bei hujadiliwa kwa Kikamba au Kiswahili. Msomaji na achukulie kwamba mji huu umehamwa, mchanga umeufunika, na baada ya miaka 600 wanaakiolojia wanafika na sururu na chekecheo zao. Watakuta nini? Mbao zitakuwa zimeliwa na mchwa, nguo zimeoza, na ndengu na mtama uliouzwa pale umeacha punje chache tu zilizoungua. Plastiki na vioo vitakuwapo. Je, itakuwa halali kwao kuandika kwamba Kyuso ilikuwa makao ya Wachina?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lililomo si la kubuni. Ndilo swali ambalo limewasumbua wachunguzi wa pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na majibu yake yamegusa heshima za watu, majina ya miji na hata safari za kiserikali. Makala haya yanaeleza kwa nini chombo cha mgeni si ushahidi wa mgeni mwenyewe, na kwa nini anayetaka kuthibitisha kwamba jamii fulani iliishi mahali hana budi kutafuta vitu vya namna nyingine: jiko lake, kaburi lake, na zaidi ya yote nyumba yake ya ibada.

Hekalu kama ushahidi

Msomaji wa Ukambani hana haja ya kwenda mbali ili aone hekalu linavyoweza kuwa ushahidi. Makindu, katika Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Chanzo chake ni reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Serikali ya Kiingereza ilileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi wa mkataba wapatao 32,000. Takriban 2,500 walikufa kazini, na karibu 6,700 waliamua kubaki baada ya mikataba yao kwisha. Makindu palikuwa kituo cha kuhudumia gari-moshi, na Masingasinga waliofanya kazi pale walijijengea mahali pa kumwabudu Mungu. Hadi leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula katika hekalu hilo bila malipo.

Tuseme hekalu la Makindu nalo lingekuwa gofu. Mchimbaji angekuta ukumbi uliopangwa kwa namna maalumu, msingi wa mlingoti wa bendera ambayo husimamishwa katika kila hekalu la Masingasinga, na jiko kubwa kupita mahitaji ya familia yoyote. Hakuna mfanyabiashara anayesafirisha vitu hivi ili aviuze. Bakuli huuzwa, hubadilishwa, huibiwa, hurithiwa, na huweza kupita mikono ishirini kabla ya kuvunjika. Hekalu haliuzwi sokoni. Hujengwa na watu waliokusudia kukaa, ambao ni wengi kiasi cha kuchanga, na wanaokubaliana kuhusu mahali pa kuelekea wanapoomba.

Kuhusu Wachina wenyewe, mfano bora wa hekalu lililogeuka masalia uko Australia, katika mji wa Croydon, kaskazini mwa Queensland. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka wa 1885, na watu wakamiminika. Wachina walifika pia, lakini sheria ya Queensland ya mwaka wa 1878 ilikuwa imewazuia kuchimba katika machimbo mapya kwa miaka mitatu ya mwanzo, isipokuwa pale walipoyagundua wao wenyewe. Basi walilima mboga, wakachukuza mizigo, wakafungua maduka. Waliishi pembeni mwa mji, na hapo wakajenga hekalu. Dhahabu ilipopungua, na baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 1901 kuwafungia mlango wageni wasio Wazungu, jamii hiyo ilififia. Hekalu likaanguka.

Wanaakiolojia walipochunguza mahali hapo walipata mabaki ya hekalu, viwanja vya nyumba zilizolizunguka, na tanuri ya kuchomea nguruwe mzima kwa ajili ya sikukuu. Jambo hili la tanuri lina uzito wake. Katika ibada ya mahekalu ya Kichina chakula hutolewa kwanza kwa miungu na wahenga, kisha waumini hukila pamoja. Kwa hiyo palipo na hekalu jiko haliwi mbali. Katika maeneo mengi ya aina hii, Australia na Marekani, hupatikana pia bakuli za kawaida za wali, vijiko vya kaure, mitungi ya udongo iliyoletea mchuzi wa soya, na vidonge vya kuchezea bao lao. Hivi ni vitu vya maskini. Hakuna mtu aliyevuka bahari kuja kuvinunua kwa fahari. Vililetwa kwa sababu mtu aliyezoea kula kwa namna fulani alikuwa pale na alitaka kuendelea kula hivyo.

Karibu na kwetu zaidi, Port Louis nchini Morisi, Wachina walijenga hekalu la Kwan Tee mwaka wa 1842. Linahesabiwa kuwa la zamani sana miongoni mwa mahekalu yao katika eneo lote la Bahari ya Hindi upande wa Afrika. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba Wachina walipofika mahali na kukaa, desturi yao haikuwa ya kujificha.

Wingi wa kaure pwani

Sasa turudi Kenya, pwani. Hapa vyombo vya China ni vingi, na vimejulikana kwa muda mrefu. Gede, karibu na Malindi, ilichimbwa na James Kirkman kuanzia mwaka wa 1948 hadi 1958. Kirkman alizipa nyumba za Gede majina kutokana na vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, na hata Nyumba ya Fedha za Kichina. Mgeni anayetembea Gede, mji ambao mwaka wa 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, aweza kusoma jina hili la mwisho na kudhani kwamba Mchina aliishi humo. Jina linahusu sarafu tu. Nyumba ni ya Mswahili, na hatua chache kutoka hapo kuna misikiti na makaburi ya Kiislamu ya watu walioijenga.

Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa ukutani. Huko Unguja, mwaka wa 1945, katika Kajengwa karibu na Makunduchi, ilifukuliwa hazina ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Mwaka wa 2010 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Peking wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walipata Mambrui sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala China kutoka 1402 hadi 1424. Miaka mitatu baadaye, Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kupatikana kwa sarafu nyingine ya mfalme huyo huyo katika kisiwa cha Manda, Lamu. Wapiga-mbizi nao walitafuta baharini, ikiwemo Ngomeni (ile ya Malindi, si Ngomeni ya Kyuso, ingawa mtu wa Mwingi anaposoma ripoti hizo lazima ashtuke kidogo). Meli za Zheng He hawakuzipata.

Huyo Zheng He ndiye kiini cha msisimko wote. Alikuwa amiri wa majeshi ya bahari ya China, na kati ya 1405 na 1433 aliongoza misafara saba katika Bahari ya Hindi. Baadhi ya merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa China kama zawadi. Haya ni ya kweli na yameandikwa. Lakini ukubwa wa mambo haya umefanya watu wasahau kwamba kaure zilianza kufika pwani karne nyingi kabla ya Zheng He kuzaliwa, na ziliendelea kuja baada ya China kuacha kutuma merikebu. Zilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, Kiajemi na Kiarabu. Kaure ya kijani iliyochomwa Longquan yaweza kuwa ilishuka hadi bandari ya Quanzhou, ikapakiwa kwenda Malaka, ikauzwa India, ikauzwa tena Hormuz au Aden, ndipo pepo za kaskazi zikaileta Lamu. Mswahili aliyeinunua hakuwa na haja ya kumwona Mchina, kama vile mnunuzi wa Kyuso asivyo na haja hiyo leo.

Upande wa bara mambo yalikwenda vivyo hivyo. Katika karne ya 19 Wakamba wa Kitui walipeleka pembe za ndovu Mombasa kwa misafara yao wenyewe. Kivui, mfanyabiashara mashuhuri aliyempokea mmishenari Krapf huko Kitui mwaka wa 1849, alijulikana kwa biashara hiyo. Sehemu ya pembe zilizotoka pwani iliishia India, na nyingine ikasonga hadi China. Hakuna anayedai kwamba mchongaji wa Kichina aliyeshika pembe ya ndovu wa Kitui alikuwa na jirani Mkamba.

Aidha, ni vyema kuuliza Waswahili walizifanyia nini kaure hizo. Walizipanga katika vidaka, yale matundu yaliyochongwa katika kuta za nyumba za mawe, zionekane na wageni. Walizipachika makaburini na misikitini. Kaure ilikuwa ishara ya uungwana. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anapoonyesha kuporomoka kwa fahari ya Pate hataji tu watu waliokufa. Anataja pia madaka ya vyombo ambayo sasa ndege wameyafanya makao. Mshairi hakuhitaji kueleza sahani hizo zilitoka wapi. Kwake na kwa wasikilizaji wake zilikuwa mali ya Pate. Hapa ndipo utofauti na Croydon unapojitokeza wazi: kule bakuli linafuata desturi za Mchina, huku bakuli linafuata desturi za Mswahili.

Shanga, Siyu na hadithi ya merikebu

Katika kisiwa cha Pate yapo masimulizi kwamba merikebu ya Kichina ilizama karibu na kisiwa, mabaharia wakaogelea hadi nchi kavu, wakaruhusiwa kukaa, wakasilimu na kuoa. Wafamao wa Siyu huhusishwa na mabaharia hao. Jina la Shanga, mji uliohamwa ulioko karibu na Siyu, husemwa kwamba limetokana na Shanghai. Mwaka wa 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari za Zheng He, binti mmoja wa kisiwa hicho alialikwa huko kama mzao wa mabaharia hao na kupewa ufadhili wa masomo. Kwa familia isiyo na uwezo hilo si jambo dogo, na hakuna haki ya kulicheka.

Hata hivyo, dai la jina haliwezi kusimama. Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba watu waliishi pale tangu karne ya 8. Shanghai ilifanywa makao ya wilaya mwaka wa 1292, Shanga ikiwa imekwisha kuishi zaidi ya miaka 500. Zaidi ya hayo, shanga ni neno la Kiswahili ambalo kila mtoto analijua.

La maana zaidi ni kile Horton alichokikuta chini ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga. Chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya mwanzo kabisa ilikuwa vibanda vidogo vya miti na udongo vya karne ya 8. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zilizopigwa hapo pwani, zenye majina ya Kiislamu. Kibanda cha miti huoza, lakini matundu ya nguzo zake hubaki ardhini yakiwa na rangi tofauti, na mpangilio wake huonyesha upande waumini walikoelekea. Basi jamii ndogo ya Waislamu, iliyosali katika kibanda kisichoweza kutosha watu wengi, imeacha nyumba yake ya ibada ionekane baada ya miaka zaidi ya 1,200. Ikiwa ardhi ya Shanga iliweza kuhifadhi matundu ya nguzo za kibanda, haikushindwa kuhifadhi msingi wa hekalu. Pamoja na hayo, vyungu vilivyojaa Shanga ni vya kienyeji, vilivyofinyangwa na watu wa hapo hapo. Kaure ni sehemu ndogo sana ya vigae vyote.

Mtetezi wa hadithi ya merikebu ana jibu, na jibu lake si dhaifu. Atasema kwamba mabaharia wachache waliosilimu hawangejenga hekalu; wangeingia msikitini. Wangekula samaki na wali wa nazi kwa vyungu vya wake zao. Hadithi yenyewe inasema hivyo. Kwa maneno mengine, hadithi imejieleza kwa namna ambayo kutoonekana kwa masalia hakuwezi kuikanusha. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu makala haya hayadai kwamba hakuna baharia wa Kichina aliyewahi kuokolewa Pate. Lakini anayelikubali jibu hilo lazima alikubali lote. Kama mabaharia hawakuacha hekalu kwa kuwa walikuwa wachache na walimezwa na wenyeji, basi kaure za Gede, Manda na Mambrui haziwezi kuitwa kama mashahidi wao. Huwezi kuwafanya wachache mno kuacha nyumba, kisha ukawafanya wengi kiasi cha kuijaza pwani vyombo.

Uchunguzi wa mifupa umeongeza jambo. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya Waswahili kama Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Asili iliyojitokeza kwa upande wa akina mama ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa. Kwa upande wa akina baba mna asili ya Kiajemi iliyoanza kuchanganyika karibu mwaka wa 1000, pamoja na kiasi cha Kihindi, na baadaye Kiarabu. China haimo katika simulizi hiyo. Watu 80 si pwani nzima, na kila mmoja aweza kusema kwamba babu yake hakuwamo. Ila linaonekana hapa jambo ambalo wanaopenda hadithi ya Zheng He hulipita haraka: wageni waliooa pwani kwa wingi wameonekana katika mifupa, na misikiti yao, na maneno yao katika Kiswahili. Maneno yaliyotoka Uajemi, Uarabuni na India hayahesabiki. Chai yenyewe, ambayo mizizi yake ni China, ilitufikia kupitia kwa wengine, kama kaure.

Swali hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu pwani imekwisha kunyang'anywa historia yake mara moja. Kwa miongo mingi miji ya mawe ilihesabiwa kuwa kazi ya Waarabu na Waajemi waliohamia Afrika, na Mswahili akawa mpangaji katika nyumba aliyoijenga. Kirkman mwenyewe aliandika kwa mtazamo huo. Iliwachukua Horton, Kusimba, George Abungu na Felix Chami kazi ya miaka kuonyesha kwamba miji hiyo ilikua kutokana na vijiji vya Waafrika, tangu nyumba za udongo hadi za mawe. Kumwondoa Mwarabu mlangoni ili kumkaribisha Mchina si maendeleo.

Kuhusu Wachina waliokuja Afrika Mashariki kweli na wasirudi, ushahidi wao upo na hauhitaji kukisiwa. Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina zaidi ya 60, wengi wao wataalamu waliokufa wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mawe ya makaburi yamepangwa safu kwa safu, kila moja na jina lake kwa herufi za Kichina. Kila mwaka mwezi wa Aprili, wakati wa sikukuu ya Kichina ya kufagia makaburi, watu hufika hapo na maua.